Buti Zilizotazama Nje

Mchana ule tulikuwa barazani kwetu Wanyange, nje kidogo ya Jinja, mimi na mama mkwe wangu, tukisuka kawa za kufunikia chakula. Sote tulimwita Haboba, yaani bibi kwa Kinubi. Mume wangu Sebi akatokea kutoka Mbale na chumvi kwenye mfuko wa unga, na miguuni buti za jeshi.

Nikamwuliza ameingia jeshi lini. Akacheka, akasema amezipata sokoni kwa askari mwenye njaa. Alimpa sabuni na chumvi kidogo, yule askari akavua palepale akaondoka peku. Sebi aliona amepata bahati. Mimi nilijiuliza ni serikali gani hii ambayo askari wake anauza viatu, lakini niliendelea kusuka, maana kusema wakati ule kulikuwa na gharama yake.

Sebi alikuwa mchuuzi tu. Kahawa ya Mlima Elgon ilivushwa kwa magendo kwenda Kenya, chumvi na sabuni zikarudi kwa njia zilezile za matope, naye akala hapo katikati. Zamani vitu hivyo vilikuja kwa reli, mchana kweupe. Nchi zetu tatu, Uganda, Kenya na Tanzania, zilikuwa na reli moja na posta moja. Kisha wakubwa wakaanza kutukanana redioni. Huyu akadai ardhi ya yule, yule akazuia mafuta ya huyu. Reli ikagawanywa vipandevipande, mpaka ukafungwa, na chumvi ikapotea madukani. Ikipotea chumvi, watu huanza kuchunguliana vyungu.

Jirani yetu Mama Tenywa, Msoga mwenye maneno matamu, alikuja kuomba chumvi huku macho yake yakizunguka chumbani. Siku moja akaniambia, kama mzaha, kwamba sisi hatuwezi kukosa, jeshi linatuletea. Sisi ni Wanubi, babu zetu waliletwa kutoka Sudani kuwa askari, na Kiswahili chetu, lugha ya jeshi, kilitosha kututia hatiani. Sikatai, tulikuwa na ndugu jeshini, na wengine walifanya mabaya ambayo hayasemeki. Lakini Sebi wangu hakuwahi kushika bunduki hata ya kuazima.

Halafu jeshi letu likavuka mpaka wa Tanzania na redio ikashangilia. Tanzania ikajibu. Redio iliendelea kushangilia, ila askari wakaanza kupita Jinja wakielekea mashariki, na magodoro, na mbuzi juu ya magari. Ushindi gani huo unaokimbia na godoro? Majirani wakafupisha salamu. Mama Tenywa akaja asubuhi moja, akasimama mlangoni bila kuketi.

"Mama Hawa, ondokeni. Vijana wanaulizana nyumba za Wanubi ni zipi."

Nikamtazama. Sikujua kama ananionea huruma au ameshaipenda nyumba. Tuliondoka siku hiyo hiyo juu ya lori la ndizi, mimi na mtoto wangu Hawa mgongoni, Sebi na mama yake. Ndala za ngozi za Sebi, za kwendea msikitini Ijumaa, tulizisahau chini ya kitanda.

Mbale tulifikia kwa Hamza, Mgisu, mshirika wa Sebi katika kahawa, aliyekaa chini ya mlima wa Wanale. Alitupokea vizuri, mkewe akatupikia. Lakini nilimwona akiziangalia zile buti. Akamwambia Sebi azitupe chooni. Sebi akakubali, kisha akatazama mvua na tope, akasema atazitupa tukishafika Kenya, kwani hana kingine cha kuvaa njiani. Akazificha nyuma ya mtungi wa maji. Gunia lao la kahawa, ambalo walikuwa hawajagawana, likabaki chumbani kwa Hamza, na hilo nililiwekea alama moyoni.

Wakombozi, yaani jeshi la Tanzania na Waganda waliotoka uhamishoni, waliingia mjini wakapigiwa makofi, wakapita. Nyuma yao wakaja vijana wa hukuhuku wenye bunduki, ambao hakuna aliyejua wametumwa na nani.

Siku ya kuvuka mpaka tulipanga kuondoka adhuhuri. Sasa, katika ukoo wa Haboba, mwanamume hatoki safari kabla mama yake hajaviosha viatu vyake, akavisomea Fatiha, akaviweka mlangoni vikitazama nje ili njia imfungukie. Alikuwa amefanya hivyo kila Sebi alipokwenda magendo, na kila mara Sebi alirudi. Mimi nilikuwa namnyonyesha Hawa chumba cha ndani. Haboba akazitafuta buti, akazipata nyuma ya mtungi. Akazisugua mpaka zikang'aa, akaziweka kizingitini.

Nikasikia hatua za watu wengi.

Nilipotoka, kijana mmoja alikuwa ameinama anazitazama.

"Hizi za nani?"

Hamza alisimama uani.

"Zangu, afande," Sebi akasema. "Nilinunua sokoni."

"Siku hizi kila askari amenunua. Vaa."

Akavaa. Zilimkaa sawasawa.

Haboba akapiga magoti. "Mimi ndiye niliyeziweka hapo, mwanangu. Nichukue mimi."

Kijana hata hakumkaripia. Alimwambia tu, "Mama, kaa ndani."

Sebi akanigeukia. "Mwangalie mama. Usimlaumu."

Wakashuka naye njia ya mjini. Nilizitazama buti mpaka tope likazifunika.

Hakurudi. Hamza alisema amemtafuta kambini na gerezani. Huenda kweli. Mimi sikumwona akienda. Wale vijana waliruka nyumba za jirani bila kubisha hodi, wakaja moja kwa moja kwake. Pengine walimwona Haboba kwa mbali, akisugua buti uani. Pengine waliambiwa. Gunia la kahawa sikuliona tena, na Hamza amekufa bila mimi kumwuliza, kwa kuwa nisingeamini jibu lolote.

Mambo yalipotulia tulirudi Wanyange, tukamkuta Mama Tenywa amemlaza binti yake kitandani kwangu. Alitoka bila ugomvi, akasema alikuwa anatulindia. Chini ya kitanda zilikuwapo ndala.

Haboba alizichukua, akaziweka mlangoni zikitazama ndani. Kila asubuhi alizifuta vumbi. Miaka yote hiyo nilishika wasia wa mume wangu, sikumlaumu kwa mdomo. Lakini kuna siku nilimtazama akizifuta na moyo wangu ukamlaumu, naye alijua, akainamisha kichwa akaendelea kufuta.

Haboba alifariki, na sasa nakaa Mbale kwa Hawa. Redio ikisema nchi hii imezuia maziwa ya ile, au ile imezuia sukari ya hii, nanunua chumvi naweka. Wajukuu wananicheka. Wanasema ni biashara tu, Haboba. Siku hizi Haboba ni mimi.

Ndala ziko mlangoni. Ngozi imekauka, nazipaka mafuta. Wageni wakizikanyaga kwa bahati mbaya zikageuka, nanyanyuka mwenyewe, na magoti haya mabovu, nikazirudisha zitazame ndani.