Vidonge vya Jirani

Jirani yangu nilimwonea wivu hata kabla daktari hajatugawia vidonge. Waume zetu walikuwa walevi wote wawili, madereva wa malori ya serikali hapa Isiolo, lakini wake akilewa aliimba, wangu akilewa alitafuta cha kuvunja. Miaka hiyo ya vita vya Shifta malori yalitoka asubuhi kwa msafara, askari mbele na nyuma, na dereva mmoja mwenye kichwa kizito aliwachelewesha wote. Wangu alikuwa ameonywa mara mbili. Onyo la tatu lingetuondolea kazi na nyumba kwa pamoja, turudi Meru tukachekwe.

Ndipo daktari akaja na jaribio lake. Alikuwa na vidonge vya kupunguza hamu ya pombe, na alitaka kujua kama kweli vinasaidia. Wanaume waliokubali waliokota karatasi zilizokunjwa ndani ya kofia, kila karatasi na namba ya kopo. Makopo mengine yalikuwa na dawa, mengine vidonge vya unga mtupu, na kwa macho vyote vilifanana.

"Hata mimi sijui nani amepata nini," alisema. "Orodha iko kwa bahasha, imefungwa na lakiri. Tutafungua siku ya mwisho."

Kazi yetu wake ilikuwa kumwona mume akimeza kila asubuhi, kisha kutia alama kwenye kadi. Baada ya wiki kadhaa daktari angehesabu vidonge vilivyobaki.

Habari ya kofia sikuiamini hata kidogo. Jirani alikuwa akimpelekea daktari maziwa ya mbuzi, na mimi si mjinga.

Haukupita muda mumewe akaacha kuimba. Akawa anarudi mapema kabla ya kafyu, anakaa uani na kurekebisha kiti kilichovunjika miguu. Nilimchungulia kupitia ua mpaka shingo ikaniuma. Wangu naye alikuwa ameacha kuvunja vitu, na jioni mbili alirudi akiwa na akili zake, lakini hayo sikuyatilia maanani. Macho yangu yalikuwa kwa jirani. Asubuhi tatu nilinuna hata nikamnyima kidonge chake, na kadi nikaitia alama vilevile.

Siku moja jirani alikwenda Ngaremara kumwona mama yake, akaniachia ufunguo nimlishie kuku. Kuku walikula. Kisha nikavimwaga vidonge vyake kwenye leso, nikamtilia vyangu katika kopo lake, na vyake nikavichukua. Nilijiambia wamefaidi vya kutosha, sasa ni zamu yetu.

Siku ya kuhesabu, daktari alinisifu kwamba mume wangu hakuruka hata siku moja. Nilipokea sifa hizo bila haya.

Mwezi haukuisha, mume wangu akarudia kuvunja sahani na vikombe. Asubuhi moja msafara mzima ulimngoja kwenye kizuizi cha barabara, askari wamekasirika, naye alikutwa amelala chini ya lori lake akinuka chang'aa. Hilo ndilo lilikuwa onyo la tatu.

Tulipokuwa tukifunga mizigo, bahasha ilifunguliwa mbele yetu sote. Daktari alisoma namba moja moja. Kopo la jirani lilikuwa la unga. Letu lilikuwa la dawa. Kwenye daftari lake aliandika kwamba kwa mume wangu dawa ilishindwa, nami nikamtazama akiandika.

Jirani alikuja lorini akiwa na kibuyu cha maziwa ya safari.

"Mama, mimi nilijua," alisema polepole. "Nilirudi kutoka Ngaremara nikahesabu, dawa ikazidi tatu. Ufunguo ulikuwa kwako, nikajua ni yako."

Niliikaza kamba ya mzigo niliokwisha kuufunga.

"Nikasema wacha tu, huyu bwana yake ako na shida kuliko yangu. Kama yetu ndio mzuri, wacha apone. Hiyo tatu nikatupa kwa choo, daktari asiulize."

Nilipokea kibuyu. Lori lilipoanza kupanda kuelekea Meru nilitazama nyuma, nikamwona amesimama na mumewe, wananipungia mkono. Hata hapo nilimwonea wivu, na safari hii si kwa sababu ya mume.