Pambano Lililorudiwa Jumapili

Njia yangu kutoka Lubumbashi hadi Brussels haikuwa nyoofu. Nilivuka mpaka wa Kasumbalesa juu ya lori la mahindi, nikakaa Lusaka hadi nilipochoka nako, nikashuka Johannesburg, na miaka ya elfu mbili ilipoanza ndipo nikapanda ndege kumfuata dada yangu aliyekuwa akiishi huko, mtaa wa Etterbeek. Nilikuwa na diploma ya sekondari na kazi moja niliyoijua vizuri: kule Lubumbashi, mtaa wa Kamalondo, niliendesha ukumbi wa video, na watu wetu hawakutaka filamu nyingine ila za kauboi.

Dada alinisikia nikilalamika mezani kwamba sina kazi hadi akachoka, akanipeleka mwenyewe kuniombea kazi kwenye sinema ndogo karibu na Porte de Namur. Siku hiyo hiyo mkuu wa chumba cha mashine, Mbelgiji mwenye masharubu meupe tuliyemwita Chef, alinipandisha ngazi nyembamba na kunionyesha taa.

"Hii usiiguse kwa kidole kitupu," alisema. "Mafuta ya ngozi yanabaki kwenye kioo, taa ikipata moto inapasuka. Mimi nataka kustaafu na macho mawili."

"Ndiyo, Chef."

"Na usiseme ndiyo haraka hivyo. Vaa glavu kwanza."

Vijana wa leo hawajaona kazi ile, basi nieleze. Filamu haikufika nzima. Ililetwa vipande vipande, kila kipande kimeviringwa kwenye gurudumu la chuma lenye kama dakika ishirini za picha. Mashine zilikuwa mbili. Ya kwanza ikikaribia kumaliza gurudumu lake, duara dogo jeusi lilitokea kwenye kona ya picha, juu kulia. Hapo mwendeshaji aliwasha ya pili. Duara likitokea tena, alifunga mwanga wa moja na kufungua wa nyingine. Akifanya vizuri, hakuna mtu ukumbini aliyejua kwamba kuna binadamu kule juu. Nilibeba magurudumu, nikaunganisha mikanda iliyokatika kwa tepu, nikasafisha lenzi, hadi Chef akaniamini.

Mkubwa wetu sote alikuwa Madame la Directrice, mwanamke mrefu asiyepandisha sauti. Wazee wa Matonge, mtaa wa Waafrika uliokuwa jirani, walipomwomba Jumapili mchana iwe ya watu wetu, alikubali kujaribu, na maonyesho hayo akanikabidhi niyaendeshe peke yangu. Lakini alinipa sharti.

"Hapa filamu ikianza haisimami hadi mwisho. Ukumbi ukigeuka soko, Jumapili nitawapa wengine, na wewe utarudi kubeba magurudumu."

Filamu iliyoletwa ilikuwa ya kauboi, tena si ngeni kwetu. Ile ya zamani, iliyopigwa kabla sijazaliwa, tuliijua Lubumbashi kwa moyo. Watoto waliicheza barabarani. Sasa ilikuwa imetengenezwa upya, ina rangi kali, vumbi jingi na waigizaji wapya. Watu walitoka misa na kuja moja kwa moja, akina maman katika vitenge vya maduka ya barabara ya Chaussée de Wavre, akina papa na tai zao. Warundi wa Bujumbura walikaa upande wao, wakiwacheka Wakatanga, yaani sisi wa Lubumbashi, kwa kuwahi viti vya mbele.

Kulikuwa na desturi moja ambayo Madame hakuijua. Kwetu, pambano la mwisho la bastola likiisha, ukumbi hupiga kelele "Rudisha!" na mwendeshaji hurudisha mkanda. Asiyerudisha huonekana hana adabu. Kwa kaseti ilikuwa kubonyeza tu.

Pambano likafika. Katika ile ya zamani, wawili hao walitazamana kwa muda mrefu hata mtu akaweza kumaliza karanga zake. Katika hii mpya, bastola zililia, mmoja akaanguka, na duara la kona likanilazimisha kuhamia mashine ya pili. Basi.

Ukumbi ukalipuka.

"Opérateur! Rudisha!"

"Hatukuona kintu! Donc tumetoka misa mbio sababu ya hii?"

"Wakatanga, kaeni chini," Mrundi mmoja alijibu. "Hamjaona mzungu akifa?"

"Tumeona! Lakini alikuwa anakufa polepole!"

Mkono wangu ulikuwa kwenye swichi. Nikiendelea, nilijua wangetoka mmoja mmoja na wasirudi tena. Nikisimamisha, nilikuwa nimevunja sharti. Nilifunga mwanga, nikawasha taa za ukumbi, nikaweka lile gurudumu la pambano juu ya meza na kuanza kulizungusha kinyume kwa mkono.

Madame aliingia kabla sijamaliza.

"Nani amekuruhusu?"

"Hakuna, Madame. Kwetu watu wakiomba kurudishiwa, wanaisifu filamu."

"Huku ni kusifu?"

"Tazama mwenyewe."

Alitazama ukumbini kupitia kidirisha cha chumba cha mashine. Papa Ilunga, dereva mstaafu wa treni, alikuwa amesimama mbele ya pazia la picha akiwafundisha wenzake. "Bon! Ule wa zamani alisimama hivi," alisema, mguu mbele, mkono kiunoni, tai imepinda. Wengine walikuwa wakimbishia. Hakuna aliyekuwa ametoka.

Madame aligeuka kutoka kwenye kidirisha. "Mara moja tu," alisema, "kisha iende hadi mwisho."

Safari ya pili hawakupiga kelele. Waliinama mbele, na ndipo wakaona kile ambacho sote tulikikosa: kabla ya kuchomoa bastola, mkono wa yule shujaa mpya ulikuwa ukitetemeka.

"Ah! Kumbe anaogopa," alisema Papa Ilunga. "Ule wa zamani hakuogopa hata. Huyu ni muntu kabisa."

Wakapiga makofi. Jumapili zikabaki zetu, na Chef alipostaafu, macho yake mawili salama, Madame alinipa funguo za chumba cha mashine. Nimefanya kazi katika miji mingi, lakini funguo hizo ndizo ninazojivunia.

Kisha filamu zikaanza kuletwa ndani ya kisanduku kidogo kama kitabu. Kompyuta ya ofisini iliziendesha kwa saa iliyopangwa, na chumba cha juu kikafungwa. Kazi yangu ilistaafu kabla yangu, sijafika hamsini. Siilaumu. Kazi ikifanywa vizuri huacha watu waliozoea kukaa pamoja, na hao hawakufungiwa chumbani.

Madame alinipa nafasi ya kukata tiketi mlangoni. Nilimshukuru, nikamwambia nitahamia Marseille kwa rafiki yangu.

Siku ya kuondoka ilikuwa Jumapili. Niliacha begi mapokezi, nikaingia kwa mlango wa mbele na kuketi nyuma kabisa. Ukumbi ulijaa, watu wakabishana na pazia kama kawaida yao, na picha ilikwenda bila mtu juu. Saa ya treni ilipokaribia, niliinuka, nikawaomba radhi waliokaa karibu nami, nikatoka filamu ikiwa katikati. Kwa miaka yote ile ya kuendesha mashine sikuwahi kuweza kufanya hivyo.