Bafta Isiyo na Chapa

Mimi sikurithi duka. Nalianza kwa kubeba marobota ya nguo bandarini. Mgongo wangu ndio ulionipa mtaji, na elimu yangu ni chuo cha Kurani tu, nacho nilikiacha njiani. Lakini miaka ile ya hamsini hapakuwa na muuza bafta Darajani aliyenifikia. Akifa mtu Chukwani, akifa mtu Tumbatu, sanda ilitoka kwangu.

Sheria ya Mwingereza ilitaka kila jora liwe na chapa ya wino: yadi ngapi, limetoka nchi gani. Ukikutwa unauza lisilo na chapa, faini, na nguo zinakwenda serikalini. Sasa nani anataka wino kwenye nguo ya maiti? Mteja wangu mmoja, mzee wa Mangapwani, siku moja aliisukuma bafta akanirudishia.

"Ntamzika ndugu yangu na hii? Munkar na Nakir wakimjia kaburini wakimuuliza Mola wako nani, awajibu yadi arubaini?"

Dukani watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka, nilifikiri. Tangu siku ile kila jora lililoingia nililikata ncha yenye chapa. Watu wakamiminika, wenye maduka wenzangu wakanuna.

Akaja mkaguzi, kijana wa mjini mwenye tarbushi na adabu zake.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba."

Akafunua jora la kwanza, la pili, yote. "Chapa ziko wapi?"

"Nimezikata."

"Bwana wee, unanambia mimi?"

"Kwani nimeiba? Nguo yangu, mkasi wangu."

Akayafunga majora yote kamba, yakachukuliwa yangoje kesi.

Jirani yangu, muuza viatu vya makubadhi, akaniasa: "Sema umeyanunua vivyo hivyo, hukujua."

"Mimi nisijue nguo? Mimi?"

Badala yake nikamfuata yule mzee Mangapwani, aje anishuhudie kwamba sijampunja mtu hata shubiri moja. Akakubali papo hapo.

Alipanda kizimbani na kanzu yake ya sikukuu. "Huyu hajapata kumdhulumu mtu," alisema, nami nikavimba kifua. Mkalimani akamfasiria hakimu, Mzungu mmoja mkavu. Hakimu akauliza: nguo alizokuuzia zilikuwa na chapa?

"Aka! Tangu nilipomgombeza hajaniuzia yenye chapa hata siku moja! Si mimi tu, waulize kijiji kizima!"

Hakimu akaandika, akaweka kalamu chini. Asiyejua, alisema, angeweza kuhurumiwa. Huyu alijua, na amefanya miaka. Bafta yote ikawa ya serikali, na faini ilikuwa kubwa hata ikabidi niliuze duka lenyewe.

Nje, mzee akanishika mkono, uso umemkunjuka. "Tumeshinda?"

Niliona mahamali wakiyapakia majora yangu garini. "Nenda zako, mzee wangu," nikamwambia, "gari la shamba litakuacha." Akaniombea dua ndefu, akaondoka na furaha yake.

Leo napima bafta katika duka la mtu mwingine, kwa mshahara. Kwa kupima bado hakuna anipitaye, aulize anayetaka. Lakini nshakwenda kuomba leseni ya duka mara chungu nzima, na kila nikitaja jina langu karani hutikisa kichwa kabla sijamaliza. Siku hizi siendi tena.