Kumchunga Madam

Mwikwabe alikuwa mtu wa ng'ombe. Hilo lieleweke kwanza, maana bila hilo mambo yaliyompata na yule sungura yataonekana ni ya mtu mjinga, na Mwikwabe hakuwa mjinga. Alizaliwa Nyanungu katika boma la ng'ombe sitini, akaanza kuchunga kabla hajang'oa meno ya utoto, na alipofikisha miaka hamsini na minane aliweza kumtazama mtamba kwa mbali na kukuambia ana mimba ya miezi mingapi. Hakukosea. Watu walitoka hadi Machochwe kuja kumuuliza.

Ng'ombe wenyewe hakuwa nao tena. Wezi wa mifugo waliwachukua wote thelathini na wanne kwa mkupuo mmoja. Mwaka uliofuata dhahabu ikavuma Kemambo, naye na mkewe wakahamia machimboni kufungua mgahawa, kama walivyofanya wengi waliopoteza kitu mahali pengine. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kambi ilijaa vijana kutoka Kahama, Geita na Singida. Ardhi yote ilikuwa mashimo, na pasipo na shimo palikuwa na kifusi kilichotoka shimoni.

Mkewe aliitwa Felistas Akech, Mjaluo, nusu ya ndugu zake wako upande wa Kenya. Walikuwa na miaka thelathini ya ndoa na hawakujaliwa mtoto. Wazee wa ukoo walimshauri Mwikwabe aoe mke mwingine. Wakamshauri kwa upole, kisha kwa ukali, kisha wakachoka. Mwikwabe alimpenda Felistas, na hakuona kwa nini jambo hilo lihitaji kikao.

Sungura alikuja kama zawadi kutoka kwa masista wa parokia. Alikuwa mweupe, mwenye sikio moja la kijivu. Wachimbaji walimwita Madam, kwa jinsi alivyokaa mlangoni akiwatazama wanavyokula. Felistas alimwita nyathina, yaani mwanangu kwa Kijaluo. Kila asubuhi alipokuwa anakoroga uji, sungura aliruka kizingiti cha jiko, matofali mawili kwenda juu, akaja kulala karibu na miguu yake. Mwikwabe hakumhesabu katika mifugo. Alimhesabu katika vitu vya Felistas, pamoja na cherehani na kalenda ya parokia.

Mwezi wa kwanza Felistas akaugua tumbo. Wakamkuta na uvimbe, ikabidi apelekwe kwa dada yake Migori, apasuliwe huko na auguzwe huko. Siku ya kuondoka hakulia. Alimkabidhi mumewe sungura mikononi akasema, "Huyu nikirudi nimkute."

"Utamkuta," Mwikwabe akajibu.

Mgahawa ukabaki kwa Awino, binti wa dada yake Felistas. Madam akabaki kwa Mwikwabe, na Mwikwabe akamtunza kwa namna moja tu aliyoijua ya kutunza kiumbe, yaani alimlisha.

Wachimbaji nao wakasaidia. Siku moja mchimbaji mmoja wa Kahama, Sospeter, alimkatia Madam kipande cha chapati kabla ya kushuka duarani, kwenye shimo lao la futi mia na ishirini, na jioni akapanda na mawe yenye dhahabu kuliko yote aliyowahi kuyaona. Kesho yake watu kumi na wanane walimkatia Madam kipande cha chapati. Baada ya wiki mbili ilikuwa ni sheria: hakuna anayeshuka duarani kabla Madam hajaonja tonge lake la kwanza. Chapati, andazi, ugali, kiazi, siku ya sikukuu hata wali. Mtu aliyesahau alipanda kutoka futi sitini chini, akarudi mgahawani na matope yake, akatoa tonge, akashuka tena.

Madam akanenepa. Mwezi wa tatu aliacha kuruka kizingiti. Mwezi wa tano aliacha kutembea, akawa anageuka tu palepale alipokaa. Kidevu kikawa na mkunjo, na mkunjo ukawa na mwenzake. Ndipo Mwikwabe alipochuchumaa mbele yake, akamtazama ubavuni kwa muda mrefu kama alivyokuwa akitazama mitamba, akatoa hukumu.

"Ana mimba," akamwambia Awino.

Kambi nzima ilifurahi. Alipoulizwa atazaa lini, Mwikwabe alihesabu kuanzia mwezi wa kwanza, akasema mwezi wa kumi mwanzoni. Hakuna aliyebisha. Wachimbaji hawakujua mambo ya mifugo, na waliojua mifugo walijua ng'ombe, na ng'ombe hubeba miezi tisa. Felistas naye alikuwa ameandika kwamba amepasuliwa mara ya pili na huenda akarudi mwezi huohuo wa kumi. Mwikwabe aliisoma barua hiyo mara nyingi. Alitaka mkewe aingie kwenye nyumba yenye watoto, hata kama ni wa sungura. Hakumwambia mtu neno hilo, lakini aliongeza ugali.

Mwezi wa saba akapita bwana mifugo, kijana aitwaye Method, akichanja ng'ombe wa vijiji vya jirani. Mwikwabe alimbeba Madam kwa mikono miwili hadi mezani.

"Shikamoo mzee," Method akasema, akimtazama sungura.

"Marahaba. Nitazamie huyu. Ana miezi saba, ila naona amelala upande mmoja."

"Miezi saba ya nini?"

"Ya mimba."

Method alikunja mikono ya shati. Akamgeuza Madam chali, kazi iliyomchukua muda, akafunua manyoya, akatazama. "Mzee," akasema, "sungura hubeba mwezi mmoja tu. Na huyu ni dume."

Awino aliyekuwa anaosha sahani akaacha kuosha.

"Na tumbo hili?" Mwikwabe akauliza.

"Chapati."

Inafaa kusemwa kwamba Mwikwabe, aliyetambua jinsia ya ndama akiwa amesimama ng'ambo ya mto, hakuwahi kumgeuza sungura huyo hata siku moja. Alikuwa ameambiwa ni Madam, akaona inatosha.

Method hakucheka, na kwa hilo Mwikwabe alimheshimu hadi mwisho. Alimwonyesha nyayo za sungura, zilivyochubuka kwa kukalia uzito. Alimwekea mkono kifuani asikie moyo unavyokimbia hali mwenyewe amekaa. "Mwezi wa tisa joto likianza, huyu hafiki mwezi wa kumi," akasema. "Anatakiwa nyasi. Nyasi nyingi, za kijani na kavu, na maji safi. Ugali hapana, andazi hapana. Ila usimwachishe kwa siku moja, punguza kidogo kidogo, maana sungura akikaa na tumbo tupu siku nzima anakufa. Na atembee."

"Atembee kwenda wapi?"

"Popote, mzee. Atembee tu."

Usiku huo Mwikwabe hakula. Aliogopa. Alikuwa amepoteza ng'ombe thelathini na wanne akaendelea kuishi, lakini huyu mmoja alikuwa amemwahidi mtu aliyelala kitandani Migori, na ni yeye mwenyewe aliyekuwa anamuua, kwa mkono wake, kwa kijiko.

Asubuhi alisimama mlangoni kabla ya wachimbaji kufika, fimbo mkononi. "Kuanzia leo Madam hali chapati," akatangaza.

Sospeter alikuwa wa kwanza kwenye mstari, kipande tayari mkononi. "Mzee, kwa heshima zote. Sisi tunashuka futi mia na ishirini. Tukishuka bila kumpa, kikitokea kitu, utajibu wewe?"

Mwikwabe alilifikiria swali hilo kwa haki. Yeye mwenyewe katika maisha yake hakuwahi kuvusha ng'ombe mtoni bila kutema mate kwanza majini, kwa hiyo hakuwa na pa kusimama kuwacheka. "Sijasema msimpe," akasema mwishowe. "Nimesema chapati hapana. Mtampa nyasi."

"Nyasi zitafanya kazi?"

"Chapati alizoea. Nyasi atajua mmezihangaikia."

Wachimbaji walijadiliana, wakaona neno hilo lina mantiki. Tatizo ni kwamba kambini hapakuwa na unyasi hata mmoja. Wa karibu ulikuwa mtoni, nusu saa kwa miguu. Basi kuanzia siku hiyo ungeweza kuona, jua linapochomoza, wanaume wazima wenye tochi vichwani wakipanda kutoka mtoni, kila mmoja na konzi moja ya majani. Mwikwabe aliyakagua yote. Yenye umande mwingi aliyaanika, yenye harufu mbaya aliyatupa, na mwenye kuleta magugu alirudishwa mtoni. Ugali alimpa mwenyewe, tonge dogo zaidi kila siku, hadi ukaisha. Kila jioni alinusa mdomo wa sungura. Mara mbili alisikia andazi. Mara zote mbili alimkamata aliyempa, na mara zote mbili alikuwa Awino, aliyemwonea huruma.

Kula kulikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kutembea, na hapo Mwikwabe aliona anaingia katika fani yake. Alimtoa Madam uani, akasimama nyuma yake, akainua fimbo, akampigia mluzi wa kuswaga ng'ombe. Madam alikaa. Akamgusa kidogo kwa ncha ya fimbo. Madam aligeuka, akamtazama, akageuka tena akampa mgongo. Waliendelea hivyo siku nne. Siku ya tano Mwikwabe alikaa chini kwa uchovu, hatua mbili mbele, akiwa na majani mkononi aliyosahau kuyaweka. Madam akanyanyuka, akajivuta, akaja.

Hapo ndipo alipoelewa kwamba mnyama huyu haswagwi. Ni lazima umtangulie. Si jambo dogo kwa mtu aliyetembea nyuma ya mifugo kwa karibu miaka hamsini, akijua kila kilicho chake kwa kukitazama mkia. Kutangulia ni kuacha kuona. Alitembea hatua mbili, akageuka kuhakikisha, akatembea mbili, akageuka. Ilimchukua wiki nzima kuacha kugeuka. Fimbo aliendelea kuishika, kwa sababu mkono ulizoea.

Wakawa wanatoka kila asubuhi. Mwanzo ni kutoka jikoni hadi kwenye pipa la maji. Kisha hadi kwenye mashine ya kusagia mawe. Njiani palikuwa na kibanda cha Heche, rika lake, waliotahiriwa mwaka mmoja, ambaye bado alikuwa na ng'ombe kumi na wawili Nyanungu na hakuacha mtu asahau.

"Mura," Heche alikuwa akiuliza kila siku, akimwita kijana kwa Kikurya, bila kucheka, "leo unachunga wangapi?"

"Mmoja," Mwikwabe alijibu, akaendelea na safari. Swali lilimuuma. Alikuwa mtu wa boma la ng'ombe sitini. Lakini aliona bora kuumwa na Heche kuliko kumpokea Felistas mikono mitupu.

Mwezi wa tisa joto likaja, na Madam akaliingia akiwa hai. Kidevu kilibaki na mkunjo mmoja. Nyayo zikapona. Uzito ulipungua, ila kizingiti cha jiko hakukiruka. Alifika chini yake, akaweka miguu ya mbele juu ya tofali, akafikiri, akaiteremsha. Mwikwabe aliweka majani ng'ambo, akaita kwa Kikurya, akaita kwa Kiswahili, na siku moja, Awino akiwa sokoni, akaita kwa Kijaluo. Hakuruka.

Felistas alirudi Jumanne ya pili ya mwezi wa kumi, amekonda, akitembea ameshika ubavu. Wachimbaji walisimama wote kumsalimu. Mwikwabe alisema "Umefika," akampokea mzigo wake. Akamkalisha kwenye kigoda jikoni, palepale pa zamani, kando ya moto.

"Yuko wapi?" Felistas akauliza.

Sungura alikuwa nje, chini ya kizingiti. Aliinua sikio la kijivu.

"Nyathina," Felistas akaita, kwa sauti ndogo ya mgonjwa.

Madam aliweka miguu ya mbele juu ya tofali. Akafikiri. Kisha miguu ya nyuma nayo ikapanda, bila madaha, kama mtu anavyopandisha gunia, naye akaingia, akaenda moja kwa moja akalala kwenye miguu ya Felistas.

Mwikwabe aligeuka akatazama ukuta kwa muda. Alipogeuka tena alieleza yote, kwa sababu hakuwa na desturi ya kumficha mkewe kitu. Alieleza chapati, na Method, na mimba. "Nilitaka ukute watoto ndani ya nyumba," akasema.

Felistas alimpapasa sungura mgongoni, mara moja, mara ya pili. "Ulihesabu miezi tisa?"

"Nilikuwa nimefika wa saba."

Felistas akaanza kucheka, akashika mshono, akaomba asichekeshwe, akaendelea kucheka hadi machozi yakamtoka, na baadaye kidogo yakawa machozi ya kweli. Mwikwabe akakaa chini karibu naye, kwenye udongo, sungura katikati. Awino akaona afadhali akachote maji.

"Daktari amesema nisile mafuta," Felistas akasema mwishowe, akifuta uso kwa kanga. "Na nitembee kila siku. Kidogo kidogo."

Kesho yake asubuhi wakatoka. Mwikwabe mbele na fimbo yake, Madam nyuma yake, Felistas nyuma ya Madam, wote kwa mwendo wa yule aliye mzito zaidi. Walipofika kwenye kibanda, Heche alikuwa ameshakaa mlangoni, amejiandaa.

"Mura, leo unachunga wangapi?"

Mwikwabe alifungua mdomo kusema mmoja.

"Watatu," Felistas akajibu kutoka nyuma. "Mhesabu na huyo aliyetangulia."

Heche aliwahesabu, akakubali. Mwikwabe hakugeuka. Aliendelea kutangulia, polepole, akisikiliza miguu inayomfuata.