Nilimtengenezea mama tochi nne za mwanga mpana, kumbe shida haikuwa tochi

Tik.

Halafu kimya.

Halafu tik ingine, imechelewa, kama mtu aliyekumbuka kitu. Halafu kimya ndefu mpaka nikaanza kuomba kwa roho: mama bonyeza, tafadhali bonyeza tu.

Hiyo sauti bado iko kwa masikio yangu. Nitawaambia ilikuwa ya nini, lakini wacha nianze mwanzo.

Wakuu, hamjambo nyote. Mimi ni yule wa kusoma na kunyamaza. Naingia hapa jukwaa la ufundi, naiba maarifa yenu, natoka bila hata asante. Leo nimeamua kuandika ya kwangu. Ni mambo yalinipata mimi na mamangu, na sehemu zile zinaniaibisha sijazitoa.

Niko Eldoret, kwa hivyo ndugu zetu wa Tanzania mtanivumilia. Shule niliachia form two na ngeli zilikuwa zimenishinda hata kabla ya hapo.

Kazi yangu ni tochi. Sio kuuza tu. Nazifungua nazibadilisha.

Mnajua zile tochi ndogo za mkono ziko na lenzi mbele? Ukiwasha, mwanga unaenda mbali kama mshale, lakini ukimulika ukuta unapata kaduara kama sahani ya chai. Kwa mlinzi ni sawa. Kwa mtu anakamua ng'ombe kabla jua litoke, hiyo kitu ni mateso. Ukimulika ng'ombe huoni ndoo, ukimulika ndoo unakanyagwa mguu.

Sasa mimi nafungua kichwa, natoa lenzi, natoa ile LED ndogo naweka kubwa ya spotlight iliyokufa. Betri natoa kwa laptop mbovu. Nyuma ya LED naweka kipande cha aluminiamu kibebe joto, maana bila hiyo inajichoma. Mbele naweka duara la plastiki nyeupe nimekata kwa jerikeni ya mafuta ya kupika, nikalisugua na msasa.

Hiyo jerikeni ndiyo ilikuwa siri yangu. Haya, chukueni bure.

Ukiwasha, mwanga unatoka mpana, laini, kama umefungua mlango na nje ni mchana.

Nilikuwa na ndoto wakuu. Msinicheke. Nilikuwa nimechora mpaka stika, imeandikwa MWANGA SHAMBA na ng'ombe anatabasamu. Niliona kila boma Uasin Gishu iko na tochi yangu imening'inia kwa msumari. Niliona ofisi. Hiyo ofisi ilikuwa na kapeti.

Na mtu wa kunijaribia tochi alikuwa mama.

Mama anaishi nyumbani Chepsaita, ako na ng'ombe watatu. Mmoja anaitwa Manager kwa sababu ndiye anaamua siku itaendaje. Mimi nimekodi chumba kimoja Kapsoya na kibanda changu kiko town. Kila Ijumaa jioni naenda nyumbani, Jumamosi saa kumi na moja asubuhi naamka na mama tunakamua pamoja.

Tochi ya kwanza nilimpelekea nikiwa na furaha ya mtoto. Akaiwasha, akainama, akakamua kidogo.

"Inang'aa," akasema. "Lakini ni nyembamba, Jero. Naona chuchu, sioni ndoo."

Wakuu, mimi sikukasirika. Nilifurahi! Nilijiambia huyu ndiye mteja wa ukweli, si wale wanakusifu ndio uwapunguzie bei. Nikarudi Kapsoya nikaongeza LED ikawa mbili, nikasugua plastiki zaidi.

Tochi ya pili: "Afadhali. Lakini hapa pembeni bado kumekataa."

Tochi ya tatu nikaifanya ya kuvaa kwa kichwa, LED tatu, kila moja inaangalia upande wake. Nilikaa na hiyo kazi wiki tatu. Nilijichoma vidole viwili na solda.

Akaivaa juu ya kitambaa. Akageuza kichwa huku, akageuza kule, pole pole, kama kuku anatafuta mahindi.

"Umejaribu mwanangu," akaniambia. "Lakini ni kama naangalia kupitia bomba."

Mnajua nilifanya nini? Nilitoa daftari. Nikaandika: "Mama anasema bomba. Labda ukingo wa kichwa ni mrefu. Ukate."

Hiyo daftari bado niko nayo. Sipendi kuifungua.

Wacha niwaambie vitu nilikuwa naona na sikuona.

Mama alikuwa na alama begani, rangi ya zambarau, alijigonga kwa nguzo ya geti. Geti hiyo aliijenga yeye na marehemu baba, anaipitia kila siku. Nikasema ni tochi.

Alikuwa anamwaga maziwa kando ya mtungi. Nikasema ni tochi.

Kanisani alikalia mkoba wa mama mchungaji na mkoba ulikuwa pale pale. Ilikuwa saa nne asubuhi na jua limewaka. Hapo hakukuwa na tochi ya kulaumu, kwa hivyo tulicheka tu.

Na Mama Chero, jirani yetu, alikuwa amemnunia. Alisema kwa wanawake wa maziwa, "Huyo siku hizi ananipita kama mtu wa gari. Nasalimia, anaenda tu. Ni hiyo msichana wake wa town amempa maringo." Mama alivyoskia alilia. Akaniambia, "Sijawahi kumpita Mama Chero. Simuoni akikuja!"

Hata hapo, wakuu. Nilisikia hayo maneno na masikio yangu.

Kitu kinaniuma zaidi ni hii. Tochi zilikuwa zinakuwa nzuri. Kila mama akilalamika, mimi naboresha, na wateja town wanafurahi. Kuna caretaker wa ploti moja mtaa wa West Indies hapa town alichukua ile ya tatu akaniambia, "Wewe msichana, ukiwasha hii majogoo wa jirani watawika." Alileta rafiki zake. Nikampigia mama simu nikamwambia, "Wewe ndio injinia wangu."

Akacheka sana. Alifurahia hilo jina. Alikuwa anajiita injinia kwa Manager.

Tochi ya nne niliikata ukingo kabisa. LED tano nimezipanga nusu duara, jerikeni mbele, betri mbili. Hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote nimewahi kufanya na mikono yangu, na sidhani nitafanya ingine.

Jumamosi hiyo tukatoka. Baridi ilikuwa ile ya kuuma masikio. Nikaishika mimi mwenyewe, nikasimama nyuma ya mama, nikawasha.

Boma yote ikatokea. Niliona ng'ombe wote watatu, ua, tanki ya maji, nguo tulisahau kwa kamba. Nilitaka kupiga magoti.

Wakati huo huo Mama Chero alikuwa anapita na mtungi wake akienda kupeleka maziwa. Akasimama kwa geti.

"Woi! Nyinyi mmeleta stima?"

Nikamwita aingie. Nadhani nilitaka wapatane. Nikataka pia asifu, nisidanganye. Akaja akasimama karibu na mama, bega kwa bega, wote wanaangalia mbele kwa Manager.

"Hii si tochi," akasema Mama Chero. "Hii ni jua imefungiwa kwa mkebe. Naona mpaka mlango ya choo yenu iko wazi. Aki mnalala hivyo?"

Mama akauliza, "Choo gani?"

"Choo yenu! Si hiyo hapo kushoto. Na paka amekaa hapo mbele."

"Mimi naona Manager," mama akasema. "Naona kichwa yake. Pembeni ni giza."

Mama Chero akacheka, alidhani ni mchezo. Halafu akaacha kucheka. Akainua mkono wake polepole kando ya uso wa mama, hapa karibu na sikio, akachezesha vidole.

Mama hakugeuka.

Akausogeza mbele. Akausogeza tena. Vidole vilikuwa vimefika karibu na pua ndipo mama akashtuka akasema, "Wewe, unanifanyia nini?"

Mama Chero akaniangalia mimi. Aliweka mtungi wake chini akamshika mama mkono, na huyo ni mtu hawakuwa wanaongea.

Tochi yangu ilikuwa inawaka tu. Haikutetemeka. Kitu pekee ilikuwa inafanya kazi vizuri hapo ni hiyo tochi.

Wiki hiyo hiyo nikampeleka mama kliniki ya macho town. Daktari alikuwa mama mmoja mpole. Kwanza alimpima presha ya macho, akaangalia ndani na taa ndogo. Halafu akamketisha mbele ya mashine kama bakuli kubwa jeupe, wakazima taa za chumba.

Akamwambia, "Mama, angalia hiyo alama ya katikati, usiiache. Taa ndogo zitakuwa zinatokea pembeni. Ukiona yoyote, bonyeza hii."

Nilikuwa nimekaa kwa kona. Mashine ilikuwa inanguruma kidogo kila taa ikihama. Nguru, tik. Nguru. Nguru. Nguru. Nguru. Tik.

Hapo ndipo ile sauti. Nilijua kila nguru bila tik ni taa imewaka na mama hajaiona. Nilizihesabu mpaka nikashindwa.

Jicho la pili lilikuwa baya zaidi.

Daktari akatoa karatasi kwa printa. Akaniita niione. Ilikuwa imejaa weusi pembeni kote, na katikati kaduara keupe.

Wakuu, hiyo picha naijua. Nimeiona kila siku ya kazi yangu. Ni vile tochi ndogo inamulika ukuta kabla sijaifungua.

Daktari akasema ni glaucoma. Wengine wanaiita presha ya macho. Inakula kutoka pembeni ikienda katikati, polepole, bila uchungu, mtu hajui. Akasema kile kimepotea hakirudi. Kuna dawa ya matone ya kulinda kilichobaki, asubuhi na jioni, asiruke hata siku moja.

Nikamuuliza kama tungekuja mapema. Alikunja ile karatasi kwanza. Akasema, "Mngekuja mapema tungelinda zaidi." Ni hivyo tu.

Tulipotoka nje mama alinishika mkono kwa ngazi. Akaniambia, "Kumbe tochi zako zilikuwa nzuri."

Nikamshusha ngazi ya kwanza.

"Mimi nilidhani ni giza ya siku hizi imezidi," akasema.

Hiyo sentensi imenimaliza. Miezi yote hiyo mama alidhani dunia ndiyo imeingia giza, na akaniambia mimi, na mimi nikachukua msasa.

Sai mama hakamui tena kabla jua litoke. Anangoja mchana, na Manager hataki kuelewa, anapiga teke ndoo. Mama Chero huja kumchukua waende kanisani, anatembea upande wa kushoto, wa lile jicho baya zaidi. Anaongea njia nzima ndio mama ajue yuko. Mama bado anatania. Juzi ameniuliza injinia akistaafu anapewa nini.

Mimi sitanii sana. Kibanda nafungua kwa sababu lazima nile. Wateja wanauliza ile ya LED tano na nawaambia imeisha. Iko moja, iko kwa sanduku chini ya kitanda, na sijaiwasha tangu siku hiyo. Stika za ng'ombe anatabasamu nimezigeuza nyuma naandika orodha ya vitu vya duka.

Najua mtu atasema sikujua, si makosa yangu. Mama pia anasema hivyo. Lakini nilikuwa na daftari. Niliandika kila neno lake kwa mkono wangu, na niliyasoma kama maneno ya tochi.

Kama kuna kitu nimejifunza ni hiki. Mtu wako akikuambia mwanga ni mdogo, usikimbie kuongeza mwanga. Kwanza simama kando yake, angalia kitu kile kile, mwambie akutajie anachoona na wewe utaje chako. Dakika mbili tu. Mama Chero alifanya hivyo bila shule na bila kutaka, mimi nilishindwa Jumamosi baada ya Jumamosi.

Na kama mzazi wako anajigonga kwa mlango anaoujua, anamwaga kando, anawapita watu bila salamu, mpelekeni akapimwe. Msingoje uchungu, hii haina uchungu.

Daktari alisema pia inafuata damu, kwa hivyo mimi na ndugu yangu tupimwe. Yeye ameenda, yuko sawa. Mimi bado. Nimefika mpaka mlango wa kliniki mara mbili. Naogopa hiyo mashine. Naogopa kusikia kimya nikiwa mimi ndiye nimeshika kibonyezo.

Kama kuna mtu hapa ako na hii shida, au anaishi na mzazi ako nayo, niandikieni hapa chini. Mnapangaje nyumba? Mnamwachaje mtu afanye kazi zake bila kumfanya mtoto? Na kama unataka kunilaumu, laumu tu, nitasoma yote.

Jana jioni nilikuwa peke yangu Kapsoya. Nilitoa ile tochi ya kwanza, nikafungua kichwa, nikatoa betri, nikabaki na bomba tupu. Nikafunga jicho moja, nikaweka bomba kwa jicho lile lingine, nikatembea kutoka kitandani hadi mlangoni.

Ni hatua tano. Ya tatu nilijigonga kwa stuli ambayo mimi mwenyewe niliiweka hapo.

Sikutoa bomba. Niligeuka nikarudi kitandani hivyo hivyo, mkono mbele.