Maji ya Bi Bika

Wanafunzi walimwita Bi Bika, na jina lilimkaa hata mwalimu mkuu akalitamka mkutanoni bila kujishtukia. Alikuwa mhudumu wa maabara ya kemia, mama mfupi wa makamo, mwenye koti jeupe lililomfika karibu na vifundo vya miguu kwa sababu lilishonwa kwa kipimo cha aliyemtangulia.

Aliingia pale shuleni kama mfagiaji. Mhudumu wa zamani alipostaafu alimwachia koti, funguo na agizo moja: kila muhula ukianza, chemsha maji, tumbukiza vipimajoto vyote kumi na viwili, uone kama vinafika nyuzi mia. Kisichofika mia ni kibovu.

Bila shaka mzee yule mwenyewe hakuwahi kufanya hivyo, maana Bi Bika alipochemsha maji yake ya kwanza, vipimajoto vyote viligota kwenye tisini na sita. Akaongeza moto. Maji yakatokota mpaka yakamrukia mkononi, na zebaki haikusogea hata unywele. Wiki ya pili kazini, na vifaa kumi na viwili vimekufa mikononi mwake! Nani angeamini kwamba si yeye aliyeviharibu? Akaandika 96 kwenye daftari, akalificha kabatini nyuma ya chupa za chumvi, akafunga mdomo.

Muhula uliofuata akaandika tena 96. Ikawa hivyo miaka kumi na minne. Aliyejua siri hiyo ni mumewe tu, seremala mpenda utani, ambaye kila shule ikifunguliwa alimuuliza, "Haya, mama watoto, wagonjwa wako wameamkaje?"

"Vilevile," naye alimjibu, na kugeuza mazungumzo.

Siku moja kidato cha tatu walikuja kufanya zoezi la kuchemsha maji. Makundi yalikuwa kumi na mawili, kila moja na bika yake ya kioo ya kuchemshia, taa yake ya spiriti na kipimajoto chake. Mwalimu wa kemia, kijana mrefu aliyeongea haraka kama anayekimbizwa, alikusanya madaftari na kuyasahihisha hapohapo. Makundi kumi na moja yalikuwa yameandika mia. La kumi na mbili liliandika tisini na sita, likapigwa mkasi mwekundu wa kosa na neno moja: Rudia.

Kiongozi wa kundi hilo alikuwa msichana wa miwani, mhariri wa gazeti la shule. Wenzake walipokwenda kula, yeye alibaki. Akachemsha upya, akapata tisini na sita. Akabadilisha kipimajoto, akapata ileile. Alipokuwa akinyoosha mkono achukue cha tatu, Bi Bika, aliyekuwa akiosha vyombo kwenye sinki, akajikuta amesema bila kugeuka:

"Usijisumbue, mwanangu. Hata ukivimaliza vyote, ni tisini na sita."

"Umejuaje, mama?"

Bi Bika alifunga bomba. Alitamani ayarudishe maneno yale, lakini yalikuwa yameshatoka. Akajifuta mikono, akasogeza chupa za chumvi, akatoa daftari.

Msichana alilifunua ukurasa baada ya ukurasa. "Miaka kumi na minne! Na hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Niseme nimeharibu mali ya shule?"

"Lakini vyote kumi na viwili haviwezi kuharibika sawasawa, mama. Kosa haliendi kwa mpangilio hivyo." Alilifunga daftari. "Naomba niliandike hili gazetini. Ukikataa, naacha."

Bi Bika alilitazama lile daftari lililochakaa pembe. "Andika," alisema. "Nimechoka kulificha."

Gazeti lilitoka Ijumaa, kurasa nane za fotokopi zilizobanwa pini, na kichwa cha habari juu kabisa: MAJI YA MAABARA YETU HAYAFIKI MIA. Kufika saa nne shule nzima ilikuwa imelisoma. Saa nne na robo mwalimu wa kemia aliingia maabara na nakala yake ameiviringisha mkononi. Bi Bika alimwona. Akaanza kuvua koti, kwa kuwa aliona ni afadhali alirudishe kwa hiari kabla ya kuambiwa.

"Unakwenda wapi, mama? Hebu niwashie taa."

Wakachemsha. Wakasimama mabega sawa wakitazama zebaki ikipanda, ikapunguza mwendo, ikasimama kwenye tisini na sita. Mwalimu alivuta stuli, akaketi, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akaongea polepole.

"Mama, shule hii iko juu sana. Asubuhi si tunatetemeka? Huku juu hewa inakandamiza maji kidogo kuliko kule chini, kwa hiyo yanawahi kuchemka kabla ya kufika mia. Mimi nalifundisha jambo hili kila mwaka! Nalichora ubaoni! Halafu naingia humu namkosoa mtoto aliyepima sawasawa."

Bi Bika alihitaji kitu kimoja tu. "Kwa hiyo vipimajoto ni vizima?"

"Ni vizima kuliko mimi."

Bi Bika akacheka, kisha akalia kidogo, kisha akacheka tena, na mwalimu, asijue la kufanya, akampa kitambaa cha kufutia ubao. Alipojifuta, uso ukajaa chaki.

Siku ya Jumatatu mwalimu alisimama mbele ya darasa, akafuta ule mkasi mwekundu, akaomba radhi. Kisha akawageukia wale wengine. "Kundi hili lilipima maji. Ninyi nyote mlipima kitabu." Darasa likaangua kicheko, huku wengi wakiangalia viatu vyao. Zoezi likarudiwa, na safari hii Bi Bika ndiye aliyewaonyesha namna ya kusoma kipimajoto: jicho sawa na zebaki, pumzi umeizuia. Sauti ilimtetemeka dakika mbili za mwanzo. Baadaye alikuwa akiwakemea kama wanawe.

Jioni alipomsimulia mumewe, seremala aliweka randa chini. "Yaani miaka yote hii nawapa pole watu wazima?"

Toleo lililofuata la gazeti lilibeba mahojiano na Bi Bika, pamoja na picha. Ukurasa huohuo ulikuwa na picha ya mpishi mkuu, mzee mwenye mwili mkubwa aliyekuwa akihojiwa kuhusu jiko jipya. Katika haraka ya kubandika, maelezo ya picha mbili yakabadilishana. Chini ya Bi Bika iliandikwa: "Chakula chake hakijawahi kuungua." Chini ya mpishi: "Huchanganya asidi kwa mikono yake mwenyewe, na hajawahi kukosea kipimo."

Mchana huo foleni ya chakula ilikuwa fupi ajabu. Mpishi alisimama na upawa mkononi, asielewe, mpaka Bi Bika alipokuja na koti lake refu, akachukua sahani, akasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, "Nipakulie, mzee. Mimi asidi nimezizoea."

Alipomaliza sahani ya kwanza akaomba ya pili, na foleni ikarefuka hadi mlangoni.