Kurasa Mbili za Uganda

Hadi leo nikinusa karatasi inayotoka kwenye printa ikiwa bado na joto, macho yangu hutafuta mahamri. Si kosa langu. Katika nyumba yetu ya Saltley, mtaa wa Birmingham, printa ilikaa chini ya ngazi, hatua tatu tu kutoka jikoni, na kila Jumatatu asubuhi Mama alichapisha nchi huku mafuta yakichemka na iliki ikinukia mpaka mlango wa mbele. Ndiyo, alichapisha nchi. Alikuwa amepata mtandaoni kurasa za jiografia ya dunia zilizotengenezwa kwa wazazi wanaosomesha watoto wao nyumbani. Kila nchi ilikuwa na ukurasa wake: ramani tupu isiyo na jina hata moja, kisanduku cha kuchora bendera, mistari ya kuandika mji mkuu, lugha na vyakula, na chini kabisa kisanduku kikubwa kilichoandikwa "Nililojifunza". Printa yenyewe ilikuwa kongwe na yenye kisirani. Ilikohoa, ikasita, na bahari zote ikazitia michirizi myeupe. Mama aliipiga kibao cha ubavuni na kuiambia, "Yallah, tupe Brazili," nayo ikatoa Brazili. Ukurasa ukishajazwa uliingia kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko ukaingia kwenye faili jekundu lililokaa juu ya meza ya chakula kama mmoja wa jamaa.

Niliwekwa nyumbani kwa sababu ya ulimi wangu. Nilikuwa na miaka kumi na kigugumizi cha kukera, kile kinachokukamata kwenye herufi ya kwanza na kukataa kukuachia. Shuleni watoto waliniiga mpaka nikaona heri ninyamaze, na nilinyamaza kweli, muhula mzima. Mwalimu akaandika katika ripoti kwamba mimi ni mtoto mtulivu. Mama alipolisoma neno hilo alicheka kwa hasira, maana nyumbani nilikuwa mbishi kuliko mbuzi wa sikukuu, na wiki ile ile akaniondoa. Baba alikuwa dereva wa malori, siku nyingi hayupo, naye alisema tu kwenye simu, "Wewe ndiye unayemjua." Mama ni Msomali aliyekulia Majengo, Mombasa, akapitia Uholanzi kabla ya kufika Birmingham, na katika safari zote hizo hakupoteza methali hata moja. Alinisemesha kwa Kiswahili, nami nikamjibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa mtaa wetu. Methali moja niliichukia: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Alikuwa akiwasema majirani wenye maneno mengi, wala hakunikusudia mimi hata siku moja, lakini kila alipoitamka nilihisi uso wangu ukiwaka moto.

Kisha ikaja barua ya halmashauri ya jiji. Afisa angekuja mwisho wa Machi kuona kama ninafundishwa ipasavyo, na asiporidhika ningerudishwa shule. Mama aliibandika kwenye mlango wa friji, pengine ili asisahau tarehe, basi kila nilipofuata maziwa nilikutana nayo. Wallahi, mwezi ule nafaka zangu za asubuhi nilizila kavu, bila maziwa. Niliota darasa lile lile na kiti kile kile, na nilipoamka nilimwomba Mungu ampe afisa mafua yasiyopona.

Sasa, kisanduku cha "Nililojifunza" kilikuwa na sheria, na sheria hiyo Mama aliitunga mwenyewe. Kila kitu kingine niliruhusiwa kukitoa kwenye vitabu vya maktaba. Kisanduku hicho kilijazwa kwa maneno ya mtu aliyezaliwa nchi ile au aliyeishi huko, nayo yaandikwe kwa Kiswahili, nisije nikakipoteza chote. "Kitabu hakijawahi kulala njaa katika nchi yoyote," alisema. "Kamuulize mtu." Na Birmingham, ukitaka mtu wa nchi fulani, huendi mbali, barabara ya Alum Rock pekee ilitujazia nusu ya Asia. Mwisho wa juma Mama alimpelekea mtu huyo sahani ya mahamri, kumshukuru. Mwanzoni alinishika mkono na kuuliza kwa niaba yangu. Mwezi wa pili akasema, "Kuuliza si ujinga, na mdomo unao. Uganda utaenda peke yako."

Wa Uganda alikuwa Mzee Jagdish, fundi cherehani, Mhindi aliyezaliwa Jinja na kuletwa Uingereza akiwa mtoto, Waasia walipofukuzwa kule. Duka lake lilikuwa pembeni ya duka la vitambaa, dogo, lenye joto la pasi. Nilizunguka mtaa mara tatu. Nilipoingia hatimaye, kulikuwa na wateja wawili, na mmoja akageuka kunitazama. "U-u-u-u..." nikaanza, na Uganda ikakataa kutoka. Yule mteja akatabasamu kwa huruma, akanimalizia: "Unataka kupunguza sare?" Nikatikisa kichwa, nikatoka mbio mpaka nyumbani. Mezani nikachukua kalamu na kuandika katika kisanduku, kwa mwandiko mzuri kabisa: Mzee Jagdish anasema Uganda kuna jua na watu wanapenda ndizi.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilifika mwisho Jumamosi. Mama alinisomba pamoja na sahani ya mahamri, na kwa kuwa alikuwa anajivunia sana ukurasa wangu, akabeba na faili. Sijui kama umewahi kutembea kuelekea aibu yako huku umeshikwa mkono. "Shikamoo, Mzee," Mama akasema, "huyu ndiye mwanangu Hodan, uliyemfundisha Uganda." Akafungua faili na kumsomea. Mzee Jagdish alikuwa na futi shingoni na miwani kwenye ncha ya pua. Alinitazama. Mimi niliyatazama mahamri. Pasi ikapumua mvuke.

"Kweli," akasema. "Mimi nasema hivyo. Lakini siku ile kazi mingi, mimi hapana maliza. Mtoto rudi Jumatatu, mimi maliza."

Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, kisichojali ngeli wala ndugu zake, lakini hakikukwama mahali popote, na nilikionea wivu. Mama alifurahi mno. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa na siri mbili badala ya moja.

Jumatatu hakukuwa na mteja. Mzee Jagdish alikuwa akibana pindo la suruali, na midomoni mwake alikuwa ameweka pini, labda sita, zimesimama kama meno ya ziada. Alinionyesha kiti kwa kidole. Nikakaa. Nikasubiri aseme kitu, lakini mtu mwenye pini mdomoni atasema nini? Ilikuwa mimi au kimya. Nikaanza, nikakwama, nikangoja aniokoe kama watu wote walivyoniokoa: kwa kunimalizia neno, kwa kusema pole pole mtoto, kwa ile huruma inayokuziba pumzi. Hakuweza. Alichomoa pini moja, akaitia kwenye kitambaa, akanitazama, akachomoa ya pili. Swali langu lilikuwa fupi, "Uganda kulikuwaje?", na sidhani katika historia ya binadamu kuna aliyelisema polepole kuliko nilivyolisema mimi. Lakini nililisema lote. Lilipotoka alizitema pini zilizobaki kwenye kiganja na kujibu kwa makini, kana kwamba nimeuliza kwa ufasaha wote wa dunia.

Alinieleza kwamba kwao Jinja, mto Nili ulitoka ziwani kwa kishindo, na usiku aliusikia kitandani. Alipofika Birmingham, akiwa na miaka kumi kama mimi, jambo la kwanza alimwuliza mjomba wake mto wa mji uko wapi. Mjomba akampeleka kuona mto Rea, ule unaopita nyuma ya mitaa yetu ndani ya kuta za matofali, maji ya kulowesha viatu. Akautazama, akauliza, "Mjomba, bomba gani imepasuka?" Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Naye alicheka, kisha akaacha, akasema kwamba shuleni aliusimulia mto wa kwao kwa Kiingereza chake kibovu, darasa zima likacheka, na mwaka ule hakusema tena. Nilirudi nyumbani, nikachapisha Uganda mpya mwenyewe, nikajaza. Ule ukurasa wa zamani sikuwa na moyo wa kuuchana. Niliuficha nyuma ya mpya, mgongo kwa mgongo, katika mfuko uleule.

Afisa hakupata mafua. Alikuja kwa wakati, mwanamke wa Kizungu mwenye koti la mvua na sauti ya upole, akakaa mezani, akala hamri la kwanza na la pili, akafungua faili jekundu. Nilijibu maswali yake kwa kichwa tu, ndiyo na hapana, na nilimwona akiandika. Mama alimjibia mengine yote. Kisha afisa akaugeuza mfuko wa plastiki. Akaugeuza tena. "Kwa nini Uganda ziko mbili?" akaniuliza kwa Kiingereza. "Zinasema nini?"

Mama alifungua mdomo anijibie, kisha akaziona zile kurasa mbili, na mdomo ukabaki wazi. Hakujua kwa nini ziko mbili. Nilitazama mlango wa friji. Nikafikiri, leo ndiyo leo, ama niseme ama nirudi kwenye kile kiti. Nikasema. Nilikwama kwenye "huu", nikakwama kwenye "uongo", nikakwama vibaya sana kwenye "niliogopa". Afisa aliinama mbele, midomo yake imeshaanza kunitafutia neno, na Mama, ambaye miaka yote alinimalizia kila sentensi, akamwinulia kiganja: subiri. Nikafika mtoni. Nikafika kwenye bomba lililopasuka, na afisa akaangua kicheko. Nikaacha kusema, kwa maana kicheko nilikijua. Lakini alikuwa anapangusa macho na kusema, "Masikini Rea! Masikini Rea!" Alikuwa anaucheka mto. Niliendelea kusema mpaka akachelewa miadi yake nyingine.

Alipoondoka, Mama alilifunga faili. "Kumbe mahamri yangu yalitangulia kazi," akasema. Kisha akanikumbatia kwa nguvu, akalia, akanitandika kofi dogo la bega kwa ajili ya uongo, na kesho yake nikapeleka sahani nyingine kwa Mzee Jagdish, peke yangu. Baada ya wiki mbili halmashauri ikaandika kwamba naweza kuendelea kusoma nyumbani. Barua hiyo nayo ikabandikwa kwenye friji.

Sasa nina miaka kumi na tisa, na kazi yangu, usicheke, ni kupokea simu katika kliniki ya macho. Kigugumizi bado ninacho. Dunia imekuwa na haraka kuliko ile ya utoto wangu. Hata simu yangu hunikamilishia sentensi kabla mimi mwenyewe sijaijua, na wanaopiga humaliza maneno yangu, mara nyingi kimakosa. Printa ya Mama ilikufa zamani. Mzee Jagdish naye amefariki, na duka analo binti yake. Mwezi uliopita nilimpelekea sketi aipunguze, na alipokuwa akibana pindo, akichomoa pini kwenye kimto kidogo alichofunga kifundoni mwa mkono, nikamwambia kwamba baba yake alizishika midomoni.

Aliacha kazi, akaniangalia. "Baba? Pini mdomoni? Haiwezekani. Alimeza moja akiwa mtoto Jinja, nusura afe. Miaka yote hii dukani humu sikumwona akifanya hivyo, na sisi alitukataza kabisa."

Nilitaka kumweleza kwa nini siku ile moja alifanya hivyo. Nikakwama kwenye neno la kwanza, nikakwama sana, na machozi yakaingilia. Yeye akaweka futi shingoni, akakaa, akasubiri.